Kurasa za Majaribio za Pak Karsono

Mtaani kwetu Klaten, mtu akifariki, kila mmoja anajua zamu yake. Wanawake hupika, Mbah Modin, babu yetu wa dua, husoma, mimi huhesabu siku, na Pak Karsono huchapa kitabu. Kitabu chenyewe ni kidogo, cha kutia mfukoni: Yasini, tahlili, picha ya marehemu kwenye jalada, na mwanzoni ukurasa mmoja wa neno la wafiwa. Hugawiwa kwenye hitima ya arobaini, ya siku mia, au ya siku elfu. Hiyo ya elfu ndiyo nzito, kwa kuwa ndiyo ya mwisho. Ikishapita, marehemu ameaga kwelikweli, na hakuna tena siku ya kumpikia.

Mimi ni Wiryadi, jirani yake Pak Karsono ukuta kwa ukuta (Pak kwetu ni Bwana, Bu ni Bi, Mbak ni Dada), na ndimi ninayejua siku gani inafaa harusi, siku gani inafaa kuhama nyumba, na siku gani mtu abaki kwake atulie. Nasimulia haya kwa sababu niliyaona yote. Mengine, wanasema wenye midomo, niliyasababisha. Tutafika huko.

Lile neno la wafiwa alikuwa akiliandika Pak Karsono mwenyewe, maana watu wakiwa na msiba hawana maneno. Kwa miaka kumi na minane aliandika sentensi moja: "Alikuwa mwenzi mwema, mzazi mwenye huruma na jirani asiye na doa." Alibadilisha jina tu. Hata yule mzee wa kona ya kisimani, ambaye kuku wa mtaa mzima walikuwa wakimwona wanapanda juu ya paa, alizikwa akiwa jirani asiye na doa.

Migongo ya vitabu ilishonwa na mkewe, Bu Partinah, kwa sindano na uzi mweusi, vitabu mia mbili kwa siku mbili. Mama yule alikuwa na mdomo. Alikuwa akishona huku akiisoma ile sentensi kwa sauti, akicheka mpaka uzi unakatika. Nilikuwapo barazani siku aliyomwambia mumewe, "Mimi nikifa usinibandike hiyo. Andika kweli au acha tupu. Na changu ukishone mwenyewe." Pak Karsono akamjibu kwamba atatangulia yeye, kwa hiyo hilo ni tatizo la mwingine.

Hakutangulia yeye.

Hitima za mwanzo zilipita bila kitabu. Alisema bado, cha kwake kitatoka siku ya elfu. Nikamhesabia, ikaangukia Jumapili Kliwon, maana kwetu kila siku ina majina mawili, la juma na la soko. Basi wiki tano na ushei kabla ya siku hiyo, kirusi kikaivamia kompyuta yake. Kililetwa na flashi ya mwanafunzi mmoja aliyekuja kuchapa mtihani. Kikala kila kitu, na ile sentensi ya miaka kumi na minane kikaimeza humo humo.

Aliyekuja kumwokoa ni Mbak Yuniar, mwuzaji wa duka la dawa karibu na stesheni, ambaye jioni zake anashinda na chama cha watu wanaotumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Hao wana imani yao, na wanaihubiri bure. Alisema mfumo huu hauliwi na virusi kirahisi, haulipiwi, na kompyuta kuukuu inauweza. Tumbo lake lilikuwa la miezi tisa, akalikalisha mbele ya meza kabla hajakaa yeye.

Mimi niliitwa kuangalia siku. Jumamosi Wage, nikasema, ni njema kwa kompyuta kupewa roho mpya. Lakini printa ilinunuliwa Jumatano Pahing, nakumbuka kwa sababu nilisaidia kuibeba, na kitu cha Pahing hakiamshwi asubuhi ya Wage. Izimwe, waya utolewe ukutani, iwashwe baada ya alasiri. Mbak Yuniar ni mtu wa kisasa lakini kalelewa, hakubishana na mzee. Aliweka mfumo, akaichagua printa kwenye orodha, akatuma ukurasa mmoja wa kujaribu. Akasema ukurasa utasubiri kwenye foleni, printa ikiwashwa utatoka wenyewe. Kisha akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kusema kwa adabu kabisa kwamba anaomba ruhusa aondoke, anadhani mtoto anakuja. Alijifungua saa kumi jioni, mtoto wa kike.

Saa hiyohiyo mimi na Pak Karsono tuliiwasha printa. Nilileta maua ya aina tatu kwenye sahani, kama inavyotakiwa. Taa ya kijani ikawaka, printa ikanguruma kidogo, ikatulia. Tukangoja. Ukurasa haukutoka.

Sasa hapa ndipo ulipoanza msiba wa pili. Kwetu mzazi hutulia nyumbani siku thelathini na tano, na mtu mwenye akili hamsumbui. Pak Karsono akaamua kupambana peke yake. Kila asubuhi alipanda baiskeli kwenda duka la intaneti, akasoma watu wa Linux wanavyoulizana na kujibizana, na kwa kuwa printa yake haichapi, akayanakili majibu kwa mkono katika daftari la shule lenye picha ya tembo. Akirudi anaandika zile amri kwenye kompyuta, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Akikosea nukta, anaanza upya.

Na nisimdhulumu, alifanikiwa. Vifaa vilirudi kimoja kimoja, kama mbuzi jioni. Spika, zilizokuwa bubu, aligundua ndani ya mfumo kuna mahali sauti imefungwa, akafungua. Kipanya kilichokuwa kikienda kinyume akakirekebisha. Skana ilimchukua siku sita, ikakubali, na kitu cha kwanza alichoipa ni picha ya Bu Partinah. Lakini skrini ilikuwa bado haijapata draiva yake, yaani kile kijiprogramu kinachoifundisha kompyuta kuongea na kifaa, kwa hiyo kila kitu kilionekana kikubwa kupita kiasi. Picha ikafunguka, skrini nzima ikajaa macho mawili na kile kinywa.

"Ananitazama, Pak Wir," akaniambia.

Nikamwambia afunge dirisha. Akasema ataiacha kidogo.

Printa peke yake ndiyo ilikataa. Ilikuwa printa ya dripu, kama zilivyo zote huku: chupa nne za wino zimetundikwa ubavuni, mirija inaingia tumboni. Pak Karsono alibadilisha waya. Akabadilisha tundu la waya. Akaipa draiva tano tofauti, akapuliza mirija kwa mdomo, akatembea wiki nzima na meno ya buluu. Mimi nilimshauri ageuze meza ielekee kaskazini. Aligeuza, na tangu siku hiyo mlango wa chumba ukawa unafunguka nusu, mnaingia ubavu. Kila akituma ukurasa, kijitangazo kidogo cha Kiingereza kilitokeza kwenye kona ya skrini, kikatoweka kabla hajapata miwani yake.

Ili kujaribu printa lazima uandike kitu. Mwanzoni aliandika "Jaribio". Baadaye sikuwa naangalia anaandika nini, nilijua tu kwamba anaandika, anatuma, anakunja mikono, anangoja, anapumua, anaandika tena. Siku nyingine nikipita dirishani namwona ameandika muda mrefu. Nikadhani ni zile amri.

Na kumbe alikuwa na tatizo jingine ambalo hakumwambia mtu. Siku moja nilimuuliza kama kitabu chenyewe kiko tayari, maana printa ikipona leo atachapa nini? Akanionyesha. Yasini ilikuwepo, tahlili ilikuwepo, picha ilikuwepo. Ukurasa wa neno la wafiwa ulikuwa mweupe. Alisema amekaa mbele yake kila siku. Ile sentensi anaikumbuka, virusi au hakuna virusi, lakini mkono unakataa, na nyingine hana. Nikamwambia kwa moyo safi kabisa kwamba aweke ileile, watu hawasomi, wanakwenda moja kwa moja kwenye Yasini. Alinitazama mpaka nikakumbuka nina kazi nyumbani.

Mbak Yuniar hakuwa amemsahau. Wiki ya tatu alituma ujumbe kwenye simu: Printa inaendeleaje, Pak? Nilikuwa nimekaa hapohapo, nikasema, haya, Mungu amejibu. Pak Karsono akafikiri, akaandika taratibu: Alhamdulillah, ni nzima. Mtoto ananyonya vizuri?

Nilikasirika, sifichi. Nilimuuliza kama wino umemwingia kichwani.

"Mama wa mtoto mchanga haambiwi shida," akasema. "Maziwa yanakatika."

"Ni printa tu, Pak."

"Shida ni shida."

Hivyo ndivyo tulivyofika Jumapili Kliwon bila kitabu hata kimoja. Baada ya swala ya alasiri wanaume sitini walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kuanzia sebuleni mpaka barazani. Jikoni wanawake walikuwa wakijaza vikapu vya mianzi vya kwenda navyo nyumbani: wali, kuku, tempe ya soya, andazi la apem. Mbah Modin, ambaye ana miaka themanini na mbili na macho yake yanafanya kazi kwa zamu, alikuwa mbele, miwani mkononi. Pak Karsono alisimama getini ndani ya batiki yake ya kahawia, akiwapa wageni mkono, akimwomba radhi kila mmoja kwamba kitabu hakitakuwepo. Kila mmoja alimjibu kwamba si kitu. Nilimwona akizeeka kwa kila si kitu.

Mbak Yuniar alifika na mwanawe kifuani ndani ya kitambaa. Siku zake thelathini na tano zilikuwa zimekwisha jana yake, na hapa ndipo mahali pake pa kwanza kutembelea. Mtoto akalia, mama akatafuta chumba cha kumnyonyeshea, akaingia ubavu kwenye chumba cha kompyuta. Mimi nilikuwa napita na sinia la chai. Akaniita.

"Pak Wir, hii foleni ina kurasa arobaini na moja. Kuna nini?"

Nikamwambia printa haijachapa tangu alipoondoka, na kwamba jirani yangu ni mpole mpaka ni ugonjwa. Akasogea kwenye skrini, mtoto yuko titini, akasoma kile kijitangazo bila kuvaa chochote machoni.

"Imesimamishwa tu. Ule ukurasa wangu wa kwanza ulikuta printa imezimwa, mfumo ukadhani kuna hitilafu, ukafunga foleni. Ilikuwa inangoja mtu aseme endelea." Akanigeukia. "Kwani siku ile aliyeagiza izimwe ni nani?"

Nilikumbuka kwamba chai inapoa. Lakini kabla sijapita mlangoni, na ule mlango haupitiki haraka, alikuwa ameshabonyeza.

Printa ilikohoa. Mirija ikajaa rangi. Kisha ikaanza kutoa kurasa, moja baada ya nyingine, kwa bidii ya mtu aliyezuiwa kusema wiki tano. Bu Harti, mke wa mjumbe wetu, alikuwa amekuja kumchungulia mtoto. Akaona karatasi, akadhani ni kitabu. Mwanamke yule ana mikono myepesi kuliko fikra. Kila kurasa zilipotoka alizipanga zilivyofuatana, akazipeleka mbele, akampa Mbah Modin kwa mkono wa kulia, akamnong'oneza kwamba neno la wafiwa limepatikana, ila kitabu bado hakijashonwa.

Mbah Modin akavaa miwani. Akasafisha koo. Kwa sauti ileile ya kuombea wafu, ndefu, yenye mawimbi, akasoma:

"Jaribio."

Wanaume sitini wakasema amin.

"Jaribio la pili."

Amin.

"Jaribio. Samahani kwa usumbufu."

Amin ya hapo ilikuwa na mashaka kidogo. Pak Karsono aliisikia kutoka getini. Alikuja mbio, akavua viatu kwa kuvirusha, akafika mbele na kusimama. Lakini mtu hamnyang'anyi mzee karatasi mkononi, wala hamkatizi akisoma, hata nyumba ikiungua. Alikaa chini alipokuwa, akainamisha kichwa, akangoja kama sisi wengine.

Mbah Modin aliendelea. "Mheshimiwa printa, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, naomba radhi, ya nje na ya ndani." Akageuza. "Leo draiva ya nne. Bu Harti ameniletea tempe. Imekataa kutafunika. Nimempa paka, paka ameniangalia." Jikoni sahani ilianguka. Akageuza. "Jaribio. Wino upo, waya upo, umeme upo. Imani inapungua."

Watu walikuwa wamekwisha kujifunika midomo kwa kofia. Mjumbe wetu, mume wa Bu Harti, alikuwa analia kwa kicheko bila sauti, mabega yanaruka. Mimi pia nilikuwa nacheka, nakiri, mpaka ukafika ukurasa wangu.

"Pak Wiryadi anasema meza ielekee kaskazini. Nimegeuza. Sasa siwezi kutoka chumbani nikiwa nimekula. Ewe printa, huyu bwana hajui hesabu ya siku. Anajua hesabu ya vikombe vya chai, na hiyo hakosei."

Hapo kicheko kilipasuka chenyewe. Sitini walinigeukia, na mimi nimesimama na sinia la chai. Nilipanga nisimsemeshe Pak Karsono mwaka mzima. Nilikuwa nachagua siku ya kuanzia.

Mbah Modin hakucheka. Nadhani hakuwa anasikia alichokisoma, alikuwa anasoma tu. Alichukua ukurasa wa mwisho, uliokuwa umeandikwa mpaka chini, akausogeza karibu na macho.

"Partinah. Leo tena nimejaribu kuandika lile neno. Nimeandika mwenzi mwema, nikakusikia ukicheka jikoni, nikafuta. Ulisema kweli au tupu. Basi kweli ni hii. Ulikuwa mkali. Chumvi yako ilikuwa nyingi, na miaka thelathini na moja niliila nikasema tamu. Hukunisifu hata siku moja mbele yangu. Ulikuwa ukinisifu kwa Bu Harti pale kisimani, ukidhani sisikii, na mimi nilikuwa nachelewa kutoka kwa makusudi ili umalize. Ulishona vitabu vya wafu wa mtaa mzima, ukasema chako nishone mimi. Najifunza. Nimejichoma mara tatu leo. Mgongo unakwenda upande. Ukikiona utanitukana, na mimi sasa nimebakiwa na hamu hiyo tu, unitukane. Watu wananiambia elfu ikifika utakuwa umeondoka kabisa. Printa haifanyi kazi, Nah. Nadhani na mimi sitaki ifanye."

Mbah Modin akavua miwani. Sasa alikuwa amesikia. Alisema amin peke yake, kwa sauti ya kawaida ya mzee. Pak Karsono alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia mkeka.

Ndipo Bu Harti akasema kutoka mlango wa jikoni, pua imejaa, "Chumvi ilikuwa nyingi kweli."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na Pak Karsono akainua uso, naye anacheka, machozi yanashuka mpaka kwenye batiki. Yasini ilisomwa kwa moyo siku ile, bila kitabu, na sijasikia ikisomwa vile tena. Mbak Yuniar, kabla hajaondoka, alimuuliza Pak Karsono kama atume kitabu kichapwe, na kwa kuwa ukurasa wa mwanzo ni mweupe, aweke nini? Pak Karsono akamwonyesha ile karatasi mikononi mwa Mbah Modin. Akasema iwe hiyo, ila aondoe kidogo habari za printa.

Getini, aliponipa kikapu changu, nilikipokea bila kumtazama. Akanishika mkono.

"Mbak Yuniar ameniuliza nani aliagiza izimwe siku ile," akasema. "Nimemwambia siku yake ilikuwa haijafika."

Nilikipakata kikapu changu nikaenda zangu. Nilifikiri tu kwamba kama printa ingeamka ile Jumamosi, mtu huyu angechapa kitabu wiki ileile, na mkono uliochoka ungeandika jirani asiye na doa. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sawa. Sijamwambia mtu, maana watacheka.

Vitabu vilitoka wiki iliyofuata, mia mbili, amevishona vyote mwenyewe. Changu mgongo wake umekwenda upande, na kwenye uzi kuna doa dogo la damu lililokauka. Mke wangu aliusoma ukurasa wa mwanzo akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Tangu hapo ananiuliza, mimi nitaandika nini juu yake. Nimemwambia siku yake haijafika, na kila jioni, baada ya chai, nakaa nafikiri.